Miaka Sitini Katika Ardhi ya Simiyu

Kutimiza miaka sitini ni hatua inayobadili nafasi ya mtu mbele ya sheria, mbele ya jamii na mbele ya nafsi yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 hustaafu kwa lazima, isipokuwa wachache wa taaluma maalumu. Mkulima wa pamba wa Itilima na mfugaji wa Meatu hawapati barua ya kustaafu, lakini nao huifikia siku hiyo: wajukuu wameongezeka, jembe limekuwa zito, na maneno yao barazani yanasikilizwa kwa utulivu kuliko zamani.

Katika Mkoa wa Simiyu siku hiyo ina uhusiano wa karibu na ardhi. Kwa vizazi vingi mvua, ukame, nzige na mavuno ndivyo vilivyokuwa kalenda ya watu wa huku, na anayetimiza miaka sitini siku hizi ameishi katika kipindi cha mabadiliko makubwa ya mazingira, mengine yakiwa ya kuhuzunisha na mengine ya kutia moyo sana. Kwa hiyo kuitafakari hatua hiyo nje, chini ya mti au kando ya mto, si anasa ya kuigwa kutoka mbali. Ni njia ya wenyeji ya kuusoma umri, na ni furaha isiyodai fedha nyingi.

Mkoa na majira yake

Simiyu ilimegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, na makao makuu yake yakawa Bariadi. Ina wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Wengi ni Wasukuma, na upande wa Meatu wapo pia Wataturu na Wahadzabe.

Mkoa huu umekaa kati ya maji na mbuga. Upande wa kaskazini-magharibi Wilaya ya Busega inagusa Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Upande wa mashariki mkoa unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kubeba Pori la Akiba la Maswa. Katikati kuna mashamba ya pamba, mtama, mahindi, dengu na viazi vitamu, malisho ya ng'ombe, majabali makubwa ya mawe, na nyumba zilizozungushiwa ua wa minyaa. Mto Simiyu, unaopokea maji ya Mto Duma kutoka upande wa Serengeti, hupita katikati ya nchi hiyo hadi ziwani. Wakati wa mvua hufurika, na kiangazi kikikomaa sehemu zake kubwa hubaki mchanga, watu wakichimba visima humo humo.

Mvua huanza karibu na Oktoba au Novemba, hupungua Januari na Februari, kisha hurudi Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba nchi hukauka. Kila mwenyeji anaujua mzunguko huo mwilini mwake, kwa sababu kulima, kuvuna, kuoa na kucheza ngoma vyote vimepangwa kuufuata.

Umri uliohesabiwa kwa mvua

Wazee wengi wa Simiyu walizaliwa nyumbani, mbali na zahanati na mbali na daftari la vizazi. Tarehe zilizoandikwa kwenye vitambulisho vyao mara nyingi ni za makadirio. Hata hivyo familia hazikukosa namna ya kutunza kumbukumbu. Mtoto aliwekwa katika wakati wake kwa kulitaja tukio: mwaka wa njaa fulani, mwaka wa nzige, mwaka mto ulipochukua ng'ombe, mwaka wa uhuru. Aliyejua kuwa fulani alinyonya wakati wa mafuriko, na fulani alikuwa tayari anachunga ndama, aliweza kupanga ukoo mzima kwa umri bila kukosea.

Majina yalifanya kazi hiyo hiyo. Miongoni mwa Wasukuma, Mabula na Mbula ni majina ya waliozaliwa mvua ikinyesha, Limi na Malimi yanatokana na jua, na Mayala ni jina la aliyezaliwa wakati wa njaa. Mtu hubeba hali ya hewa ya siku aliyokuja duniani mpaka siku ya kuondoka.

Desturi hii haikuishia Usukumani. Katika mkoa jirani wa Mara, huko Butiama, Julius Nyerere alipewa jina la Kambarage, ambalo ni la mzimu wa mvua, kwa sababu mvua kubwa ilinyesha siku aliyozaliwa. Tarehe ya 13 Aprili 1922, ambayo taifa huitumia kumkumbuka, haikujulikana tangu mwanzo. Ilikuja kuthibitishwa baadaye, akiwa mtu mzima. Mvua ilikumbukwa kabla ya tarehe.

Faida ya hesabu ya namna hii ni kwamba haimtenganishi mtu na wenzake wala na mahali pake. Keki yenye mishumaa sitini humwambia mtu ni miaka mingapi imepita. Mwaka wa mafuriko humwambia pia nani alikuwa naye, nani alimvusha, na nchi ilikuwaje.

Kutazama nyuma kuna kazi yake

Watu wa mataifa mengine nao wameupa umri wa miaka sitini heshima ya pekee. Nchini Japani na Korea, kalenda ya jadi huzunguka kwa miaka sitini, hivyo anayeufikia umri huo huhesabiwa kuwa amekamilisha duara na kuanza upya. Kwa Wasukuma, aliyefikia utu uzima huo huingia katika kundi la wazee wanaoitwa banamhala, ambao kazi yao ni kusuluhisha ugomvi, kueleza mipaka ya ardhi na kukumbusha mila.

Wataalamu wa afya ya akili walichelewa kuona thamani ya kutazama nyuma. Kwa muda mrefu mzee aliyesimulia mambo ya zamani alidhaniwa kuwa akili yake inachoka. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Robert Butler, alieleza kinyume chake: kupitia upya maisha ni kazi ya kawaida na ya lazima ya uzeeni, ambayo mtu huitumia kupatanisha mafanikio, majuto na misiba yake. Mwanasaikolojia Erik Erikson naye alifundisha kuwa hatua ya mwisho ya maisha ni mvutano kati ya kuyakubali maisha kama yalivyokuwa na kukata tamaa kwa kuona yamepotea bure.

Kazi hiyo haifanyiki vizuri ndani ya ukumbi wenye muziki mkubwa. Inahitaji utulivu, na inahitaji vitu vya kuamsha kumbukumbu. Hapo ndipo ardhi inapomfaa mtu wa Simiyu. Kila jabali, kila mbuyu na kila kivuko cha mto kina habari ya mtu fulani. Mzee anayetembezwa hadi malisho aliyochungia utotoni huanza kusimulia bila kuulizwa.

Aliyoyaona mtu wa miaka sitini

Kizazi kilichozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kimeishi katika kipindi cha pekee. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwishoni mwa mwaka huo huo mvua kubwa zilianza kunyesha Afrika Mashariki. Kati ya 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita mbili na kumeza mashamba na makazi ya pwani yake. Hizo ndizo mvua ambazo kwazo wazazi wa Busega waliwapimia watoto wao umri. Kizazi hicho hicho kilikuja kuliona ziwa likipanda tena kwa kutisha mwaka 2020 na mwaka 2024.

Upande wa mashariki mambo mengine yalikuwa yakitokea. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Pori la Akiba la Maswa lilianzishwa mwaka 1962. Wanasayansi walipohesabu nyumbu wa Serengeti mwaka 1961 walipata takribani 260,000. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamefika kiasi cha milioni 1.3, na idadi yao imebaki karibu na hapo.

Sababu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka zizini. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe, nyati na nyumbu, na njaa ikafuata. Ulibaki ukiwaambukiza wanyamapori kutoka kwa ng'ombe kwa miongo mingi. Chanjo ya ng'ombe ilipoenezwa katika vijiji vinavyozunguka Serengeti miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu. Ndama wa nyumbu waliokuwa wakifa wakaanza kukua. Chanjo bora zaidi ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kuwa sotoka imetokomezwa kabisa.

Matokeo hayakuishia kwa nyumbu. Walipoongezeka walikula nyasi nyingi zaidi. Nyasi zilipopungua, mioto ya kiangazi ilipungua pia, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Miti ikaongezeka katika sehemu nyingi za Serengeti. Mfugaji wa Maswa aliyempeleka ng'ombe wake kuchanjwa alikuwa, pasipo kujua, anasaidia kujaza nyumbu na kurudisha miti katika mbuga yenye sifa kuliko zote nchini. Ni haki ya kizazi hicho kujivunia jambo hilo kinapohesabu miaka yake.

Jangwa lililozuiwa

Vijijini hali ilikuwa tofauti, na hapa kumbukumbu ni chungu kabla ya kuwa tamu. Tangu enzi za ukoloni misitu ya Usukuma ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Kilimo cha pamba kikapanuka, mifugo ikaongezeka, na kuni zikakatwa bila kurudishiwa. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye maeneo yao, na nyuma yao wakaacha ngitili.

Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti vikaachwa vikue, kisha kufunguliwa kidogo kidogo kiangazi kinapokaza. Wa kwanza kuingizwa ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Familia huwa na ngitili yake karibu na nyumbani, na kijiji huweza kuwa na ya pamoja. Sheria zake husimamiwa na mkutano wa jadi uitwao dagashida, na anayeingiza mifugo humo kwa wizi hutozwa faini.

Ngitili zilipotelekezwa, upepo ulichukua udongo. Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ukaanza kuitwa jangwa. Baada ya Rais Nyerere kuzuru huko mwaka 1984 na kuiona hali hiyo, serikali ilianzisha mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walitaka kugawa miche ya miti ya kigeni. Baadaye walitambua kuwa wenyeji walikuwa na njia yao tayari, nao wakawasaidia kuifufua.

Mafanikio yalikuwa makubwa kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi katika vijiji zaidi ya 800. Watafiti walikuta ndani yake aina zaidi ya 150 za miti, vichaka na mimea itambaayo, pamoja na aina zipatazo 145 za ndege. Kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea na matunda ya porini vikaingia tena majumbani.

Aliyezaliwa mwaka 1962 alikuwa kijana wa miaka 24 mradi ulipoanza. Aliiona nchi ikiwa tupu, na akaiona ikifunikwa tena. Ushahidi wa namna hiyo una thamani kubwa wakati huu ambapo vijana wengi husikia habari za mabadiliko ya tabianchi na kudhani kuwa hakuna kinachoweza kurudi. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mojawapo ya mambo ambayo wazee wa Simiyu wameyaona ni kwamba ardhi iliyopumzishwa hupona.

Furaha iliyo karibu

Furaha ya maumbile katika mkoa huu haingoji safari ya mbali. Mvua za kwanza zinapoanguka kwenye udongo mweusi wa mbuga, kumbikumbi huruka, vyura hulia usiku kucha, na migunga iliyokuwa kama imekufa huchipua kwa siku chache. Korongo weupe hufika kutoka Ulaya kati ya Novemba na Machi na kutembea mashambani wakila panzi na viwavi. Kasuku wadogo wa rangi ya kijani, wenye kichwa cha rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, huruka kwa vikundi kwenye mibuyu na mashamba ya mtama. Ndege hao wanaofugwa kwenye vizimba duniani kote asili yao ni eneo hili dogo la kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria.

Mbuyu wenyewe ni mwalimu mzuri kwa anayetimiza miaka sitini. Vipimo vya kisayansi vimeonyesha kuwa mibuyu mikubwa ya Afrika huweza kuishi zaidi ya miaka elfu moja. Mti ulio uani mwa nyumba ya Meatu huenda ulikuwa umesimama kabla ya ukoo uliojenga hapo kufika. Hupukutisha majani kiangazi, huhifadhi maji shinani, huzaa ubuyu, na nyuki huingia katika mashimo yake. Kukaa chini yake humkumbusha mtu kwamba miaka yake ni michache, na kwamba uchache huo hauipunguzii thamani.

Baada ya mavuno, kuanzia Juni, huja wakati wa ngoma. Makundi ya Bagika na Bagalu hushindana mbele ya umati, kila upande ukijaribu kuvuta watazamaji wengi. Vyama vingine vya ngoma vilitokana moja kwa moja na ujuzi wa wanyama. Bayeye ni wataalamu wa nyoka, wanaojua kuwashika na kuwatibu walioumwa. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu, mnyama anayeharibu mashamba ya viazi. Wazee waliocheza ujanani hukaa mbele na kusahihisha hatua za wajukuu, na furaha yao ni ya mtu anayekiona alichokipenda kikiendelea.

Kwa anayeweza kusafiri kidogo, barabara ya lami ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi imelisogeza ziwa na mbuga karibu. Lamadi ni mji mdogo wa Busega ulio kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti upande wa magharibi liko jirani. Pori la Akiba la Kijereshi nalo liko huko huko Busega. Nyumbu hukaa kwenye nyanda za kusini-mashariki mwa Serengeti kati ya Desemba na Machi, wengine wakiingia Pori la Maswa, na wengi wao huzaa Februari. Kati ya Aprili na Juni makundi mengi huelekea magharibi, yakisogea upande wa Busega, kabla ya kwenda kaskazini. Kiingilio cha raia wa Tanzania ni sehemu ndogo sana ya kile kinacholipwa na mgeni. Familia inayochangishana fedha kwa ajili ya ukumbi na muziki inaweza, kwa kiasi hicho hicho, kumpeleka mzee wao akawaone wanyama aliokuwa akisikia habari zao tangu utoto.

Ni lazima pia kusema kwamba ujirani huo una gharama. Tembo hutoka hifadhini na kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Fisi na simba huvamia mazizi. Serikali hulipa kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyeumia au kufiwa, lakini malipo hayo hayalingani na hasara. Mzee aliyepoteza mazao hawezi kuambiwa aione mbuga kama mahali pa furaha tupu. Uhifadhi unaodumu ni ule unaomlinda pia mkulima aliye mpakani, na jumuiya za hifadhi za vijiji, kama ile ya Makao wilayani Meatu, zilianzishwa ili wenyeji wapate sehemu ya manufaa ya wanyama wanaoishi nao.

Mwili na akili hupata nini

Kwamba maumbile humtuliza mtu ni jambo lililojulikana siku nyingi, na sasa utafiti umelipima. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha matokeo ya uchunguzi katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo na kulazwa vyumba vyenye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo zaidi, kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali.

Mwaka 2019 watafiti nchini Uingereza walichapisha taarifa za watu wapatao 20,000. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walieleza kuwa na afya njema na kuridhika na maisha zaidi ya wasiotoka kabisa. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za mara moja au zimegawanywa, na uhusiano huo ulionekana hata kwa wazee na kwa watu wenye maradhi ya muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwamo wenye zaidi ya miaka 65, wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki, na wazee waongeze mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili ili wasianguke. Kutembea kila asubuhi kwa nusu saa, siku tano za wiki, kunatimiza kiasi hicho. Mzee wa kijijini hufanya zaidi ya hapo bila kuhesabu. Hatari kubwa ipo kwa mstaafu wa mjini, aliyezoea kiti cha ofisi, ambaye baada ya kuagwa hubaki ndani akitazama televisheni, sukari na shinikizo la damu vikipanda. Kwake yeye bustani nyuma ya nyumba, mizinga michache ya nyuki au matembezi ya jioni hadi mtoni ni sehemu ya tiba.

Matembezi yenyewe yanahitaji busara: kutoka jua likiwa chini, kunywa maji, kuvaa viatu vilivyofungwa kwa sababu ya nyoka na miiba, kubeba fimbo, kwenda na mtu mwingine, na kujiepusha na mto wakati wa mvua. Mwenye dawa za kila siku asiziache nyumbani.

Kuiadhimisha siku

Zipo namna kadhaa za kuifanya siku ya miaka sitini iwe na maana, na zote zinafaa katika mazingira ya Simiyu.

Ya kwanza ni kusikiliza. Watoto na wajukuu humpeleka mzee mahali alipozaliwa au alipochungia, na kuyarekodi kwa simu masimulizi yake: majina ya visima, ya mito na miti, miaka ya njaa na namna watu walivyoponea. Elimu ya mimea inayolika, ya dalili za mvua na ya mipaka ya ngitili huondoka na mtu asipoirithisha. Shukrani kanisani au dua msikitini huweza kutangulia, na mlo wa pamoja ukafuata.

Ya pili ni kupanda. Mti hupandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Shimo huchimbwa mapema na kujazwa udongo uliochanganywa na samadi, ambayo Simiyu haikosi. Mche huzungushiwa miiba dhidi ya mbuzi, hufunikwa majani makavu shinani ili unyevu usipotee, na humwagiliwa katika kiangazi cha kwanza na cha pili. Mwembe na mlonge huleta chakula mapema. Mjohoro hutoa kivuli na kuni kwa muda mfupi. Mkwaju hukua polepole lakini hukaa vizazi vingi, na mtu anayeupanda akiwa na miaka sitini anawapandia wajukuu wa wajukuu wake. Si lazima kila mti ununuliwe kitaluni. Visiki hai vilivyobaki shambani, vikipogolewa na kuachiwa machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, hurudi kuwa miti haraka kuliko mche, kwa sababu mizizi yake tayari iko chini.

Ya tatu, na iliyo bora zaidi kwa mwenye ardhi, ni kuanzisha au kupanua ngitili. Ekari moja inayofungwa leo kwa heshima ya mzee itakuwa na nyasi msimu ujao, vichaka baada ya miaka michache, na ndege kabla hata ya hapo. Familia isiyo na nafasi inaweza kulinda chanzo kimoja cha maji au kupanda miti katika uwanja wa shule ya msingi ya kijiji.

Wazee wa Simiyu na wenzao wa Shinyanga walirudisha mamia ya maelfu ya hekta kwa kukubaliana kwamba ng'ombe wasiingie mahali fulani kwa wakati fulani. Kizazi hicho sasa kinaingia umri wa kuheshimiwa, na ngitili nyingi zinakabiliwa na mahitaji mapya ya mashamba na makazi. Heshima ya kweli kwa anayetimiza miaka sitini ni kumuuliza aliyoyaona, kutembea naye akiwa bado anaweza kutembea, na kutoiuza wala kuikata ngitili aliyoitunza. Mwenye mzee nyumbani asisubiri mwaka mwingine: mvua za vuli zikianza, achimbe shimo, amwite mzee auweke mche kwa mkono wake, na watoto wapewe zamu ya kuumwagilia.